Skrini ya Pili Ilikuwa Imefunikwa

Vijana wangu wa bisibisi, mnaokaa vibarazani na simu mkononi mkijiita mafundi, hii ni yenu. Najua mnaniita Babu Betri nikipita, na najua kwa nini. Kila kompyuta iliyogoma, mimi nilikuwa naikimbilia betri ya saa, ile bapa kama sarafu, naitoa, nahesabu mpaka sitini, nairudisha. Mara nyingi ilisaidia na watu wakanisifu. Endeleeni kuniita hivyo hivyo. Mkifika mwisho wa karatasi hizi mtaona jina hilo linanistahiki kuliko mlivyokusudia.

Duka nimelifunga mwaka jana. Lilikuwa chumba kimoja cha chini, Mkunazini, ukuta wake wa chokaa ukimomonyoka kila masika, na unga ule ukiingia kwenye feni zile zile nilizotoka kuzisafisha. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo ya kwenye bodi, na mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Fundi mwenye mkono wa kutetemeka heri akae nyumbani asimulie.

Kazi niliianza kwa Fundi Saleh, mtengeneza redio, mzee mkali asiyependa kelele wala haraka. Ukimletea redio mbovu alikuwa haifungui. Anakupa kiti, anaagiza kahawa, kisha anakuuliza, "Mara ya mwisho ilipoimba, nani aliigusa?" Nami mwanafunzi wake nikinyoosha mkono kuchukua bisibisi, ananikata jicho. "Khamis! Kalia mikono!"

Nilikuwa naikalia kweli, viganja chini ya mapaja, mpaka mteja amalize hadithi yake yote pamoja na habari za harusi ya binamu yake. Nilimwona mzee ananipotezea wakati. Lakini katikati ya hiyo harusi ndipo ilipotokea kwamba redio ilibebwa kwenda kutumbuizia wageni, ikarudishwa na mtu mwingine, naye aliiangusha ngazini na hakusema. Fundi Saleh anatabasamu, anafungua, anakuta waya mmoja umechomoka.

Kompyuta zilipoingia mjini yeye alikataa kuzigusa. Mimi nilizirukia. Nikaliacha swali lake pamoja na redio zake, nikidhani ni la redio.

Sasa nisikilizeni kwenye kazi. Kompyuta isiyowaka na kompyuta isiyoonyesha ni wagonjwa wawili tofauti, na mafundi wengi wa mji huu bado wanawapa dawa moja. Isiyowaka ni ile iliyokufa kimya: hakuna feni, hakuna taa. Hiyo anzia ukutani. Niliwahi kuitwa Kiembe Samaki kwenye ofisi moja, nikaenda na mkoba mzima wa vifaa, nikakuta mama wa chai amechomoa plagi ili achomeke birika. Chai yake nilikunywa, na ilikuwa nzuri.

Isiyoonyesha ni nyingine. Feni inazunguka, kitaa cha diski kinapepesa, na ukitega sikio utasikia mlio mmoja mfupi. Mlio ule mmoja, wanangu, ni mashine inakwambia imejikagua na haina neno. Ikilia mara nyingi mfululizo, hapo shuku memori: itoe, isugue meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ilie kwa pande zote mbili. Hewa yetu ina chumvi na inakula shaba. Lakini ikilia mara moja halafu skrini ikabaki nyeusi, usifungue sanduku. Ugonjwa uko nje: kwenye skrini, kwenye waya, au kwenye tundu ulimochomekwa waya.

Na hapo kwenye tundu ndipo penye mtego. Nyuma ya sanduku lenye kadi ya picha, ile ya ziada inayopachikwa kwenye bodi, mtakuta sehemu mbili za kuchomeka skrini. Moja iko juu, jirani na waya wa mtandao. Hiyo ni ya bodi yenyewe. Nyingine iko chini zaidi, imekaa kwa ubapa; hiyo ni ya kadi. Kwa mashine nyingi, kadi ikiwepo, tundu la juu linalala usingizi. Mtu akichomeka waya wa skrini pale juu, kompyuta inafanya kazi yake yote salama salimini, na yeye mbele yake haoni kitu.

Haya yote nilikuwa nayajua. Naliweka hilo wazi mapema ili msije mkanitetea.

Tena nilikwisha kupewa onyo. Hoteli moja ya Uroa waliniita kwa ajili ya kompyuta ya mapokezi yenye skrini mbili. Kishale cha mausi kilikuwa kinagoma kuvuka kutoka skrini moja kwenda ya pili. Kinafika ukingoni kinasimama. Meneja alikuwa ameshaanza kuuliza kama yupo mtu wa kusoma dua. Mimi nikafungua sanduku, nikapiga brashi, nikasugua memori, nikatoa na betri yangu ya saa, nikatokwa na jasho saa nzima. Binti wa mapokezi, Mwanaidi, alikuwa amesimama kando muda wote amekunja mikono. Mwisho akasema kwa adabu, "Baba, samahani. Juzi tulihamisha meza. Hii ya kulia mwanzo ilikuwa kushoto."

Kumbe kishale kilikuwa kinataka kuvukia kushoto, ilikokuwa skrini zamani, na wao wanakisukuma kulia. Nikaingia kwenye mipangilio, nikavuta kile kipicha cha skrini upande wa pili, basi. Kazi ya kufumba na kufumbua.

"Mbona hukunambia toka mapema?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza," akanijibu.

Tulicheka sote, na njiani kurudi mjini niliapa kwamba kuanzia siku ile nitauliza kwanza. Haukupita mwaka nikaenda Kikwajuni.

Mwalimu Othman wa Kikwajuni alinisomesha hesabu darasa la sita. Alikuwa mtu wa taratibu. Chaki yake ilikuwa na kasha lake. Mama yake alikuwa wa Makunduchi, mkongwe aliyesema Kimakunduchi cha ndani kabisa ambacho hata watoto wa huko huko siku hizi hawakisemi. Mwalimu alipostaafu akaanza kumrekodi. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda Makunduchi na kinasa sauti kidogo, anamkalisha mama barazani, anamuuliza neno hili, hadithi hii, mnasemaje mkipalilia, mnasemaje mkimbembeleza mtoto. Akirudi mjini anahamishia sauti kwenye kompyuta, kisha anakifuta kinasa ili kipate nafasi ya Jumamosi ijayo. Kwa kazi hiyo ndiyo alinunua skrini ya pili. Moja ya kuendeshea sauti, ya pili ya kuandikia maneno na maana zake. Mama akafariki. Mwalimu akaendelea kuandika peke yake, akimsikiliza.

Kisha naye Mwalimu akafariki.

Baada ya hitma, Bi Asha, shemeji yake, alinijia dukani. "Khamis, kompyuta ya Mwalimu haioneshi kitu. Dada anaitaka. Anasema anataka kumsikia."

Dada yake ndiye Bi Zuwena, mjane wa Mwalimu, na alikuwa ndani ya eda. Nyinyi wengine mmezaliwa hapa hapa, mnajua ilivyo: mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume wa nje haingii akakaa naye uso kwa uso. Nilipofika nilipiga hodi, Bi Asha akanikaribisha ukumbini, na Bi Zuwena akabaki chumba cha ndani nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Mola awape subira."

"Marahaba, Khamis. Amin. Umekuja, baba?"

"Naam."

Kompyuta ilikuwa pembeni ya ukumbi. Skrini kubwa ilikuwa mbele ya kiti. Ubavuni mwake kulikuwa na kitu kingine kimefunikwa kitambaa cheupe kizito, kimetariziwa maua ya asumini, kimeshuka mpaka juu ya meza. Nilikiona. Nikajua ni televisheni. Nyumba ya msiba haiwashi televisheni, wengine huifunika kabisa, na mtu mwenye adabu zake haendi kufunua kilichofunikwa kwenye nyumba ya watu waliofiwa. Nikakipita kwa macho.

Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, kitaa kikapepesa. Mlio mmoja mfupi. Skrini kubwa ikaandika kwamba hakuna inachopokea, ikawa nyeusi.

Mlio mmoja. Niliusikia kama ninavyousikia leo.

Nyuma ya pazia Bi Zuwena akasema, "Khamis, ile ya pili, Mwalimu alikuwa..."

"Nimefahamu, Bi Zuwena, nimefahamu," nikamkatiza. "Naichukua dukani nikaiangalie vyema."

Sikuwa nimefahamu kitu. Nilikuwa naona haya. Sauti ya mjane kupitia pazia ilinifanya nijione mkosaji kwa kusimama tu pale, nikataka kutoka upesi. Dini haikunikataza kumsikiliza. Mjane ana ruhusa ya kusema shida yake na fundi wake, na Bi Asha alikuwa amekaa pale pale. Zile haya zilikuwa zangu mwenyewe, nimejivika ili nionekane mcha Mungu. Ningekalia mikono muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, angenimalizia sentensi yake. Nikachomoa nyaya, nikabeba sanduku.

Dukani nikafanya kama nilivyozoea. Nikachomeka skrini yangu kwenye tundu lile lile la juu nilimoukuta waya, nyeusi. Nikatoa memori, nikasugua, nyeusi. Nikatoa betri ya saa, nikahesabu sitini, nikarudisha, nyeusi. Nikachomoa kadi ya picha. Hapo picha ikaja, nikapiga makofi peke yangu.

Lakini Windows haikuingia. Inaanza, inaonyesha alama yake, inazima, inaanza tena, inazunguka hivyo hivyo. Mimi nikasema, basi, umeme wa kukatika katika umeiua.

Umeme haukuwa na hatia. Ile betri ukiitoa, mashine inasahau mipangilio yake yote, pamoja na namna iliyokuwa ikizungumza na diski. Windows ya Mwalimu ilizoea kuzungumzishwa kwa namna moja, mimi nikairudishia namna nyingine. Ilikuwa ni kuingia kwenye mipangilio ya bodi na kubadilisha mstari mmoja. Ugonjwa wa kwanza haukuwepo, na wa pili niliutia mwenyewe.

Mnajua fundi wa mji huu anafanya nini Windows ikigoma. Anapiga mpya. Watu wawili walikuwa wananisubiri mlangoni. Nilikuwa na diski ya kuhamishia vitu vya wateja kabla ya kufuta, ndiyo, lakini ilikuwa imejaa filamu za Kihindi ambazo watu wa mtaani walikuwa wakija kuchota, na niliona tabu kuzifuta. Nikajiambia mzee mstaafu atakuwa na nini ndani, barua za pensheni na picha za wajukuu. Nikafuta, nikapiga Windows mpya. Nikarudisha kadi ya picha mahali pake, nikakaza skrubu, na sikujaribu tena baada ya kukaza.

Siku ya pili yake niko Kikwajuni. Nikachomeka nyaya kama nilivyozikuta, ule wa skrini kubwa pale juu, na mwingine uliokuwa ukining'inia nyuma ya meza nikauchomeka chini kwenye kadi, bila hata kuufuata unakotoka. Nikabonyeza. Mlio mmoja mfupi. Nyeusi.

Nilisimama pale jasho linanitiririka mgongoni. Bi Asha alikuwa ameshaleta sharubati. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia minong'ono, kisha Bi Asha akanigeukia.

"Dada anasema, nlikuwa nataka kumwambia toka siku ile, ile skrini ya pili mbona hajaifunua? Mwalimu alikuwa anaifunika mwenyewe kila jioni kwa ajili ya vumbi. Siku ya msiba wanawake walihamisha meza hii kuweka majamvi, zile nyaya wakazirudisha wanavyojua wao."

Akanyoosha mkono akakivuta kitambaa.

Ilikuwa inawaka. Rangi ya buluu, tupu, na kishale kimetulia katikati. Ndivyo ilivyokuwa imewaka na siku ya kwanza, chini ya kitambaa, pengine na majalada yote ya Mwalimu yamejipanga juu yake, mimi nimesimama hatua moja kutoka pale nasema nimefahamu.

"Imewaka?" Bi Zuwena akauliza.

"Imewaka, Bi Zuwena."

"Alhamdulillahi. Na ile kazi yake ipo? Sauti ya mama ipo? Na yake, anapomuuliza?"

Hapa, wanangu, ndipo ninapopaogopa. Kila mtu anaweza kufuta diski. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nimeifuta mimi. Maneno mawili. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, kwa ile sauti ya kitaalamu tunayoitumia tukitaka mteja asiulize zaidi, "Bi Zuwena, diski ilikuwa imechoka. Mwalimu hakuweka nakala nje. Halafu inaonesha alikuwa akiizima vibaya, akikata umeme tu bila kuisubiri. Diski ikizimwa hivyo kila siku, inakufa na vitu vyake."

Nakala kweli hakuweka. Neno hilo moja la kweli nililitumia kuubeba uongo wote uliobaki, na uongo huo nikamtwika maiti, mwalimu wangu aliyenifundisha kugawanya.

Bi Zuwena akasema, "Basi. Ndo alivyoandikiwa. Ahsante, mwanangu, umehangaika."

Nilirudi siku ya tatu na diski nyingine, kwa kuwa nilishasema ya kwanza imechoka na uongo lazima ulishwe. Ile ya Mwalimu nikabaki nayo. Nikaipitisha kwenye kila programu ya kurudisha vilivyofutwa niliyoijua na nisiyoijua. Yalirudi majina: Mama 1, Mama 2, mpaka Mama 63. Ukifungua, hakuna sauti, mkwaruzo tu. Katika maandishi yake yote ilipona nusu ukurasa, maneno machache ya kilimo cha mawe, kile cha kupanda katikati ya miamba huko Makunduchi, na maana zake. Nikauchapa. Na sikumpelekea, maana angeniuliza umetoka wapi nami nilisema diski imekufa. Nikauweka ndani ya bahasha pamoja na diski, kwenye mtoto wa meza. Miaka kumi na zaidi ukakaa pale.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, Bi Zuwena akaniletea chupa ya achari ya embe. Na mwaka uliofuata, na uliofuata. Achari yake ni maarufu Kikwajuni nzima. Mke wangu alikuwa anaisubiri, na watoto wanaigombania futari ikitandikwa. Mimi sikuigusa hata mara moja. Nilikuwa nikisema pilipili inanidhuru.

Nilijifariji kwa kazi. Baada ya hapo sikufuta diski ya mtu bila kuhamisha vitu vyake, filamu za Kihindi nilizitupa, na nilikuwa nauliza wateja mpaka wanachoka. Duka likapata sifa ya uaminifu. Mtu akinisifu hivyo mbele ya watu nilikuwa nainama kutafuta skrubu chini.

Ramadhani hii iliyopita chupa aliileta Bi Asha mwenyewe, nyumbani. "Dada anakusalimu," akasema. "Anasema hii huenda ikawa ya mwisho. Mikono yake haishiki kisu tena."

Niliitazama ile chupa mpaka sikukuu ikapita. Mwezi wa mfungo mosi haujaisha nikaenda Kikwajuni na bahasha yangu.

Safari hii pazia lilikuwa limefungwa kando. Bi Zuwena amekuwa mdogo, amekaa kwenye kiti cha Mwalimu, na pembeni yake meza ile ile, kitambaa kile kile cha asumini juu ya skrini ambayo hakuna anayeiwasha. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza watoto. Nikakaa kwenye jamvi, nikaweka mikono chini ya mapaja, na nikamweleza yote. Mlio mmoja, betri, filamu, kitambaa, uongo. Sikujitetea kitu, na hilo ndilo jema pekee nililolifanya katika habari hii.

Nikamkabidhi karatasi. Hakuwa na miwani, akanambia nimsomee. Nikasoma yale maneno. Mawili nikayatamka vibaya, akanisahihisha mara zote mbili, kwa sauti ya mkwewe, nadhani, maana haikuwa sauti yake. Akaichukua karatasi akaikunja, akaishika.

"Bi Zuwena, nakuomba radhi."

"Mimi nshakusamehe," akasema. "Nnakujua toka mdogo. Lakini Khamis, umenifanya nini?"

Nikataka kurudia kuomba radhi, yeye akaendelea.

"Mimi nlikuwa namuona kwa macho yangu. Kila usiku chakula kishapoa mezani, namwita, ananambia subiri, naizima. Anakaa pale mpaka kitaa kizime, ndo anafunika, ndo anakuja. Tukigombana kwa hilo. Halafu wewe ukanambia alikuwa akiizima vibaya. Nkasema, fundi ndo anajua, mimi n'najua nini? Nkaamini wewe, nkaacha nlichokiona." Akapumua. "Miaka yote hii namlaumu. Wajukuu wakiniuliza babu alikuwa anafanya kazi gani, nnawambia kazi aliipoteza mwenyewe kwa uzembe. Mtu aliyekuwa na kasha la chaki. Mimi, mkewe, nimemwita mzembe kwa wajukuu zake."

Vijana, mna majibu ya kila kitu kwenye simu zenu. Kama mna la hilo, mniletee.

"Yangu nimekusamehe," akarudia. "Yake sina mamlaka nayo. Nenda, baba."

Nikainuka, nikamuaga, nikatoka ukumbini. Nilikuwa mlangoni nimeinama natafuta viatu vyangu miongoni mwa vya watu wa nyumba, Bi Asha yuko jikoni, ukumbini hamna mwengine, nikamsikia Bi Zuwena anazungumza. Hakuwa akilia. Alikuwa akitumia sauti ya kawaida kabisa, ile mtu anayomsemeshea mwenziwe aliye chumba cha pili.

"Mwalimu, n'samehe," alisema. "Kumbe ulikuwa ukiizima vizuri."